Kware wa Darini

Kila siku akitoka chuo cha Kurani, Mize hakukaa kucheza na wenzake. Alikwenda kwao Ng'ambo, akaiweka juzuu yake pahali pa juu, akamtazama mdogo wake Silima, kisha akashika njia ya Darajani kuingia Mji Mkongwe. Aliwapita wauza samaki wakigombana na paka, akakata vichochoro mpaka Mkunazini, akabisha hodi kwenye mlango wa Bi Mwanamkasi.

“Hodi!”

“Nani?”

“Mize. Shikamoo, Bi.”

“Marahaba. Umechelewa. Ingia, kinu kinakungoja.”

Ndivyo alivyokuwa Bi Mwanamkasi: salamu fupi, kazi ndefu. Alikuwa mjane, magoti yake yameharibika kwa baridi yabisi, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa meli, na katika safari yake ya mwisho alirudi na tundu la kware. Hawakuwa kware wa porini wale wanaotegwa huko Makunduchi. Hawa walizaliwa tunduni, wakataga tunduni, na hata kuatamia mayai yao walikuwa hawajui, mpaka yatiwe chini ya kuku.

Watu wa mtaani walimcheka mama wa watu. “Ndege hata kitoweo cha mtu mmoja hatoshi!” Bi Mwanamkasi hakuwajali. Mwaka huo, nao ulikuwa elfu moja mia tisa hamsini na tano, nyumba moja ya Shangani ilimtaka kware kwa karamu ya harusi, naye alikwishaahidi. Na ahadi ni deni.

Kuku wawili waliangua vifaranga vya kware siku moja. Vya kuku mmoja vilikaa chini uani, na Bi Mwanamkasi akavilisha kwa mkono wake. Vya kuku wa pili vilipelekwa darini, juu kabisa ya nyumba, ambako magoti yake hayakuweza kumfikisha. Huko alipanda Kificho, mtoto wa ndugu yake kutoka Tumbatu, kijana mpole wa miaka kumi na minne aliyekuja mjini kusoma.

Kazi ya Mize ilikuwa kutwanga dagaa wakavu, kuwachanganya na mtama na machicha ya nazi, na kupima vifuu viwili: kifuu cha chini na kifuu cha darini. Siku ya kwanza Bi Mwanamkasi alimshika mkono.

“Sikiliza, mwanangu. Machicha yanashibisha. Lakini kushiba si kukua. Nyama ya ndege na manyoya yake hujengwa na dagaa. Mwaka jana niliwapa vifaranga vyangu machicha na mtama tu. Unaviona hapa?”

“Sivioni, Bi.”

“Huvioni kwa sababu vilikufa. Basi usinipunjie dagaa.”

“Naam, Bi.”

Mize aliyashika maneno hayo, akarudi nayo nyumbani. Na huko nyumbani kulikuwa na Silima.

Silima alikwishapita miaka miwili, lakini ungemwona ungesema mwaka mmoja haujatimia. Mama yao, Mwatum, alipopata mimba nyingine alimwachisha ziwa, na tangu hapo mtoto akaanza kurudi nyuma. Alikuwa akitembea, akaacha. Miguu yake ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole panabaki kishimo. Nywele zilikuwa nyepesi, zimegeuka wekundu. Mashavu yalijaa, hata wapita njia wengine wakasema, “Mashaallah, mtoto kanenepa!” Jamani, unene gani ule! Mtoto hacheki, halii kwa sauti, anakaa mkekani tu akitazama nzi.

Baba yao, Pandu, alikuwa Pemba kwenye karafuu. Nyumbani walikula muhogo asubuhi, uji wa muhogo mchana, na jioni muhogo tena. Zilikuwapo siku za kupata dagaa, lakini Silima hakuonjeshwa. Bibi yao alisema, na bibi wa bibi yao alisema kabla yake, kwamba samaki humtia mtoto minyoo na yai humchelewesha kusema. Mama alimpenda Silima kuliko roho yake, kwa hiyo alimkinga na samaki kama anavyomkinga na moto. Mara moja Mize alimpelekea dagaa mdomoni, akapigwa kofi la mkono.

“Unataka kumuua ndugu yako?” mama alifoka.

Kibaya zaidi yalikuwa maneno ya bombani. Wanawake walionong'onezana walisema mtoto kabemendwa, maana yake wazazi wenyewe ndio waliomharibu kwa kuvunja miiko ya ulezi. Maneno hayo yalimchoma Mwatum mpaka akaacha kutoka mchana. Akangoja jioni bomba lipungue watu ndipo akachote maji. Hospitali ndiyo kabisa hakutaka kuisikia. “Nikaambiwe hayo hayo na wasionijua?” alisema, akageuza uso ukutani.

Siku moja Mize alikuwa amemkamata kifaranga wa uani mkononi. Manyoya ya mabawa yalikwishatoka, kifua kimejaa. Akaikumbuka ile kauli: kushiba si kukua. Silima alishiba kila siku. Alishiba muhogo kama ndege wale wa mwaka jana walivyoshiba machicha. Alitaka kukimbia nyumbani kumwambia mama, lakini nani angemsikiliza? Kofi la mkono lilikuwa bado linauma.

Basi akafanya alilofanya. Bi Mwanamkasi alipogeuka, Mize alichota konzi ya dagaa waliotwangwa kutoka fungu la darini, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Pengo lile akalijaza machicha, kifuu kikajaa vilevile. Fungu la chini hakuligusa, maana Bi Mwanamkasi alilitazama kwa macho yake mawili.

“Leo tu,” Mize alijiambia. “Hawa ni ndege. Silima ni mtu.”

Jioni mama alipokwenda bombani, Mize aliukoroga unga wa dagaa ndani ya uji, akamlisha mdogo wake kidogo kidogo. Silima alikunja uso, kisha akala. Kesho yake ikawa “leo tu” nyingine, na keshokutwa tena. Wizi wa kwanza ni mgumu, wa pili hauna kazi.

Na uji ule ulifanya kazi, tena kazi kubwa! Uvimbe ulianza kushuka. Asubuhi moja Silima alilia kwa hasira kwa sababu Mize kakanyaga mkeka wake, na mama akaangua kicheko cha furaha kwa kukisikia kilio. Siku chache baadaye akajishika ukutani, akasimama. Mama alisujudu akamshukuru Mungu, akasema dua zake zimepokewa. Mize alifungua kinywa aseme, akakifunga tena. Alijua akisema dagaa, ataulizwa dagaa wametoka wapi.

Lakini kule darini mambo yalikuwa mengine.

“Mize,” Kificho alimwambia siku moja akishuka ngazi, uso umemsawijika. “Hawa ndege wana nini? Wanakula mpaka matumbo yanajaa, lakini ukiwashika ni wepesi kama maganda. Manyoya hayatoki. Na leo nimekuta wamedonoana mpaka damu.”

“Labda baridi ya usiku,” Mize alijibu, akainamia kinu asionane naye macho.

Ndege wawili walikufa, kisha watatu. Harusi ilikuwa inakaribia. Bi Mwanamkasi akaamrisha kware mmoja wa darini aletwe chini. Akamweka katika mkono wa kushoto, na wa uani akamweka katika mkono wa kulia. Akawapima. Yule wa uani aliujaza mkono. Yule wa darini alipotea kwenye kiganja, mgongo wazi, mbavu zinahesabika.

“Wametoka mayaini siku moja,” alisema polepole. “Kificho! Dagaa wangu unawapeleka wapi?”

“Wallahi, Bi, kila ninachopewa nnawamiminia wote!”

“Basi dagaa wamepaa? Mize anatwanga mbele ya macho yangu. Wewe ndiye unayepanda ngazi peke yako. Unawauza? Unawala?” Kisha akamgeukia Mize. “Ulitia dagaa kwenye kifuu cha darini?”

Kificho alimtazama Mize kwa matumaini, maana alijua mwenzake atasema kweli.

“Nilitia, Bi,” Mize alisema.

Ewe mtoto! Neno dogo lile, na mzigo wake ulivyokuwa mkubwa! Bi Mwanamkasi alimwita Kificho mwizi mpaka majirani wakasikia, na kijana akilia, akamfukuza. Asubuhi ya pili Kificho alikuwa Darajani na kitita chake cha nguo, anasubiri gari la shamba limpeleke Mkokotoni, avuke kurudi kwao Tumbatu. Skuli ndiyo ilikwisha. Mize alisimama pembeni mwa soko, machozi yanamtoka, wala hakusogea. Kificho alimwona, akampungia mkono. Gari likaondoka.

Tangu siku hiyo Bi Mwanamkasi aliwatwanga dagaa mwenyewe, akawafungia kabatini, na ufunguo akaufunga kiunoni. Mize alibaki wa kufagia uani. Pindo la kanga yake likarudi nyumbani tupu, na Silima akarudia uji mtupu.

Haukupita muda mrefu miguu ikavimba tena. Safari hii ilikuwa vibaya zaidi, kwani mtoto aliharisha, ngozi ya mapaja ikaanza kubanduka, akaacha kusimama, akaacha kulia. Mama alimpakata kutwa, hamwachi mtu amshike. Mize aliomba apewe amlishe, mama akakataa. Aliomba wampeleke hospitali, mama akasema, “Mwache apumzike.” Na siku mama aliposogeza kijiko mdomoni mwa Silima, na uji ukamwagika pembeni mwa midomo kwa sababu hana hata nguvu ya kumeza, Mize aliingiwa na hofu ambayo hajapata kuiona maishani.

Alijua kinachomponya. Hapakuwa na mtu mwingine aliyejua. Na kukisema hawezi bila kusema yote.

Alitoka mbio. Alipita Darajani akigongana na watu na vikapu vyao, hakubisha hodi, akaanguka miguuni pa Bi Mwanamkasi hapo uani.

“Mimi ndiye mwizi!” alilia. “Si Kificho, Bi. Ni mimi. Nilikuwa nawapunja wa darini nikampa Silima, akapona. Sasa hapewi, na anakufa. Bi, mdogo wangu anakufa!”

Bi Mwanamkasi hakumpiga. Ingekuwa afadhali angempiga. Alikaa kwenye kibao chake cha kukunia nazi, akamwangalia. Mwishowe aliuliza, “Kificho alipokuwa analia hapa, nawe umesimama pale pale, ulikuwa unafikiri nini?”

Mize alijifunika uso kwa kanga.

“Nipe buibui langu,” Bi Mwanamkasi alisema. “Na kikapu. Mtie ndege mmoja wa chini na mmoja wa juu.”

Alitembea mpaka Ng'ambo kwa yale magoti yake, akisimama kila baada ya nyumba chache, akiugulia na kushika kuta. Walipofika, Mwatum alimvuta Silima kifuani kama anayetaka kumficha.

“Usimfiche, mwanangu,” Bi Mwanamkasi alisema, akakaa mkekani bila kukaribishwa. “Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikuja kwa maneno ya bombani. Nyosha mikono.”

Akamwekea kware wawili, mmoja kila mkono.

“Hawa ni ndugu wa siku moja. Wote wameshiba kila siku. Huyu alishiba dagaa. Huyu alishiba machicha. Mama zao ni kuku, hawana mwiko waliouvunja wala hawana kosa. Chakula tu, Mwatum. Ni chakula tu.”

Mwatum aliutazama mkono mmoja, akautazama mwingine. Ndege mnyonge alifumba macho, hana nguvu hata ya kuruka. Mize akapiga magoti mbele ya mama yake, akamwambia kuhusu uji wa jioni, konzi ya dagaa na pindo la kanga. Mama hakukasirika. Alitoa kilio mpaka majirani wakadhani kuna msiba.

“Nilikuwa namkinga!” alilia. “Namkinga na minyoo, kumbe nimemnyima uhai!”

“Ulimnyima kwa mapenzi na kwa kutojua,” Bi Mwanamkasi alisema. “Aliyekufunza naye hakujua. Sasa umejua. Inuka twende hospitali, na atakayekusema huko kwanza ataniona mimi.”

Hospitali hakusemwa na mtu. Muuguzi alimbonyeza Silima mguu, akatikisa kichwa, akasema watoto wa namna hii wanaletewa wengi, na wengi wao huletwa wamechelewa. Silima alilazwa. Kwanza alipewa maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, kisha yai lililopondwa, kisha samaki. Siku nyingi hapakuwa na aliyejua kama atapona. Kitanda cha jirani alilazwa mtoto mwingine mwenye nywele nyekundu kama zake, na asubuhi moja Mize alikikuta kitanda kile kitupu, mama wa mtoto amekaa sakafuni anakunja kanga. Siku hiyo Mize hakula.

Silima alibaki. Uvimbe ulipoisha alionekana mwembamba kupita kiasi, lakini macho yake yalikuwa yanafuata watu tena.

Kware wa darini walirudishiwa dagaa wao. Zaidi ya nusu walikwishakufa. Waliobaki waliota manyoya na kunenepa kidogo, ila hapana hata mmoja aliyewafikia wenzao wa uani. Bi Mwanamkasi alijikokota mpaka Shangani kuomba radhi kwa ahadi aliyoivunja, akasikia maneno ambayo hakuzoea kuyasikia. Hakumsimulia mtu ni maneno gani.

Kisha akamwita Kificho kutoka Tumbatu. Siku aliyofika, Bi Mwanamkasi aliwaita majirani wote waliosikia akimwita mwizi, na kwanza yeye mwenyewe, mtu mzima vile, akamwomba radhi mbele yao. Halafu akamsogeza Mize katikati ya uwanja.

Mize alisema yote, bila kuacha neno. Alisema aliiba, alisema alidanganya, alisema alimwacha mwenzake akaondoka. “Nisamehe, Kificho.”

Kificho alikuwa amekonda.

“Nnakusamehe, kwa ajili ya mtoto,” alisema. “Lakini siku ile pale Darajani nilikuona unalia. Nikajisemea, angalau yupo mtu mmoja mjini anayeamini kwamba sikuiba.”

Mize aliinamisha kichwa. Majirani walitawanyika bila kuteta, hata wale wapenzi wa kuteta.

Bi Mwanamkasi alimshika bega, akamketisha karibu yake.

“Nisikilize, nami sitarudia. Ulichokijua kilikuwa kweli, tena kweli iliyotushinda sisi wakubwa: mtoto akishiba muhogo mtupu amejaza tumbo, hajajenga mwili. Apewe samaki, apewe yai, apewe maziwa na kunde, ndipo atakua. Kweli kama hiyo husemwa hadharani. Ungekuja kwangu ukasema, ‘Bi, mdogo wangu anaumwa, nipe dagaa,’ ningekupa, na ningekwenda kwa mama yako siku ile ile. Lakini uliifanya siri, na kuilinda siri ukahitaji uongo, na uongo nao ukahitaji mtu wa kumtwika. Ndege wangu wamekufa, mwenzako amepoteza muhula wa masomo, na mdogo wako alikuwa anakwenda kaburini huku dawa yake umeifungia kinywani mwako. Jema likifanywa kwa wizi, kuna mahali mtu mwingine analilipia. Umenisikia?”

“Nimesikia, Bi.”

“Basi kesho ukienda hospitali, pita kwanza bombani. Waambie wanawake wote, mmoja mmoja, kilichomuumiza Silima na kilichomponya. Wako wenye watoto wadogo.”

Mize alikwenda. Wengine walimcheka, wengine wakamfukuza. Mmoja alisimama akamsikiliza mpaka mwisho, ndoo yake imejaa inamwagika, kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Hao dagaa, unawatwanga vipi?”